Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini kalamu i mkononi mwa nani?

Wazee wetu wa Pwani walituachia methali isiyochakaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu tunaitumia pale mgeni anapopikiwa biriani, na watoto wa nyumba nao wakapata mnofu ambao siku nyingine hawauoni. Lakini kuna wageni ambao kwao neno hilo la kupona si la biriani, ni la maradhi hasa. Hawa ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wanaokuja kwetu kujifunza kazi ya utafiti wa afya. Hukaa majuma manane au kumi, wakapima, wakauliza, wakaandika, kisha wakarudi kwao. Suala langu leo, ndugu wasomaji, ni hili: je, mwenyeji naye hupona?

Silileti suala hili kwa chuki ya wageni. La hasha. Sisi watu wa Pwani tukiwachukia wageni tutakuwa tumejichukia wenyewe, kwani ni nani katika mitaa yetu asiyekuwa na babu aliyeshuka jahazini? Nimelileta kwa sababu ya mambo niliyoyaona kwa macho yangu bara, Kitale na Bungoma, ambayo nimeyabeba moyoni tangu siku hiyo. Na yaliyotokea huko Marekani mwaka 2025 yamenifanya nione kuwa wakati wa kuyasema umefika.

Safari ya bara

Mwezi wa Julai 2023 nilialikwa Kitale kwenye arusi ya binti wa ndugu yangu, ambaye alihamia huko miaka mingi nyuma akafungua duka la nguo. Nilipanda basi Mombasa, nikashukia Nairobi, nikapanda jingine la kupitia Nakuru na Eldoret. Nilipofika nilijilaumu kwa kuja na kanzu ya melimeli tupu, maana baridi ya Kitale si ya mchezo. Ni nchi ya mahindi, na mji wenyewe umekaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ukifuata barabara ya kusini ukapita Kiminini, hukawii kuingia kaunti ya Bungoma. Katika sensa ya 2019 kaunti ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ndiyo makao yake makuu, ilihesabiwa watu 990,341, na Bungoma watu 1,670,570. Si watu haba.

Asubuhi ya pili nilikwenda kunywa chai katika mkahawa ulio karibu na hospitali. Kwenye meza ya pili alikaa binti mweusi, umri wake hauzidi miaka ishirini na mmoja, na kando yake kijana wa kiume. Nilimdhania yule binti kuwa ni wa kwetu, Mgiriama au Mdigo, mpaka alipofungua kinywa. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," kwa lafudhi iliyonifanya nigeuke. Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, umetoka wapi?" Akasema ametoka Marekani, na bibi yake mzaa mama alizaliwa Alabama.

Tukazungumza. Akanieleza kuwa amekuja kwa mpango wa kuwafunza utafiti wanafunzi wa jamii ambazo, kwao, hazina watu wa kutosha katika udaktari na sayansi: Waamerika weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wenyeji wa asili wa nchi ile. Mpango wa namna hiyo si wa jana. Mwaka 1993 Kituo cha Fogarty, kilichomo ndani ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kilianzisha mafunzo ya kimataifa ya utafiti kwa wanafunzi wa jamii za wachache. Baadaye kazi hiyo ikakabidhiwa kitengo kinachoshughulikia afya ya jamii hizo, na wanafunzi wakawa wakipelekwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Kwa nini nchi tajiri kama ile ihitaji mpango wa aina hiyo? Jibu ni kwamba utajiri haukugawiwa sawa, na elimu kadhalika. Mtu mweusi ni takriban mmoja katika kila watu wanane wa Marekani, lakini ukiwapanga madaktari wa nchi hiyo kumi kumi, weusi hawafiki mmoja katika kila kumi.

Jambo la Tuskegee

Nilipomsikia akitaja Alabama, nilikumbuka jambo moja, nikamwuliza kama analijua. Akatikisa kichwa taratibu. Kumbe ndilo lililomfanya asomee utafiti.

Kwa asiyelijua, ni hili. Kuanzia mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 katika wilaya ya Macon, karibu na mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Katika miaka ya 1940 penisilini ikajulikana kuwa ndiyo dawa, lakini wao wakanyimwa, ili madaktari waendelee kuangalia jinsi ugonjwa unavyokula mwili wa mtu mpaka kaburini. Mambo hayo yaliendelea miaka arubaini, hadi 1972 yalipofichuliwa magazetini. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa tarehe 16 Mei 1997, na wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Sasa tazama, msomaji. Katika Tuskegee mtu mweusi alikuwa ndiye anayeandikwa. Hakuwa na sauti katika kuamua nini kiandikwe na kwa faida ya nani. Mjukuu wa watu wale leo ameshika kalamu. Hiyo ni hatua kubwa, na mimi niliifurahia kwa dhati.

Lakini furaha yangu haikudumu. Binti yule akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Wenyeji wa Kitale husimulia kwamba zamani pahali hapo palikuwa kituo cha misafara, na kwamba watumwa walipitishwa hapo kuteremshwa Pwani. Alikuwa amezisikia simulizi hizo. Akasema, "Mzee, hao waliokuja kuwachukua watu hapa walitoka wapi?"

Ningeweza kumtupia lawama Mzungu, au Mwarabu, au wakubwa wa bara waliouza watu wao. Wote walikuwamo. Lakini mbele ya mtoto yule sikuona njia ya kukwepa. Nikamwambia, "Walitoka kwetu, mwanangu." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Kisha nikafikiri: habari za misafara ile zimeandikwa na msafiri wa Kizungu na zimeandikwa na mfanyabiashara wa Pwani. Aliyetembezwa kwa miguu na kamba shingoni hakuandika neno. Basi jambo la nani ameshika kalamu si la Marekani peke yake. Sisi pia tuna deni lake.

Kijana aliyekaa kando

Nilimsahau yule kijana wa kiume, kama wengi wanavyomsahau. Yeye ni mtoto wa Bungoma, na ndiye aliyekuwa akimfasiria binti yule Kibukusu nyumba kwa nyumba. Mradi wao sitautaja jina. Kijana alimaliza skuli kwa alama nzuri, akasoma stashahada ya afya, akakosa kazi. Sasa hulipwa kwa siku. Anajua nyumba ipi ina mgonjwa, mama yupi hafungui mlango mumewe akiwa hayupo, na swali gani likiulizwa vibaya litamfanya mzee afukuze watu. Nikamwuliza, "Mwanangu, ripoti ikitoka, jina lako litakuwemo?" Akacheka. Akasema, "Mzee, mimi ni wa kuonyesha njia tu."

Msomaji, maneno hayo yalinichoma. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alituandikia herufi kwa wino juu ya ubao, nasi tukizifuata kwa kidole. Wako waliofika kuandika wenyewe, na wako waliobaki kufuata kidole cha mwenziwe mpaka chuo kikawashinda. Wahyi wa kwanza aliopewa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ulianza kwa amri ya kusoma, na ndani yake ikatajwa kalamu. Dini iliyoanza kwa kalamu haiwezi kuridhika na mtoto wake kuwa wa kuonyesha njia tu.

Wala sisemi kwamba utafiti wa bara hauna faida. Ungekuwa uongo. Tangu mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na mwaka 2001 ushirikiano huo ukazaa AMPATH, mpango uliopambana na Ukimwi wakati watu walipokuwa wakifa kama kuku. Kliniki zake zilifika Kitale na Webuye, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri sanda wakasimama wakarudi mashambani.

Vile vile kuna utafiti mmoja wa malaria uliofanywa Kiminini na mashariki ya Bungoma, matokeo yake yakachapishwa 2018. Watafiti waligundua jambo ambalo sote tunalijua kwa mazoea: mtu akipata homa hukimbilia duka la dawa akanunua dawa ya malaria bila kupimwa. Basi wahudumu wa afya wa vijijini wakapewa vipimo wapime watu bure, na aliyeonekana ana malaria akapewa vocha ya kumpunguzia bei ya dawa dukani. Waliopimwa wakaongezeka, na dawa ikawafikia zaidi wale waliokuwa na malaria kweli. Jambo la kutazama ni kwamba kazi ile ilisimama juu ya miguu ya wahudumu wa vijiji vile vile. Bila wao vocha zingebaki karatasi.

Kilifi na Bungoma ni ndugu

Huenda msomaji wa Lamu au Malindi akauliza, yanatuhusu nini ya Bungoma? Yanatuhusu sana, na nitatoa mfano mmoja.

Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioingizwa katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililoanza 2009 likaisha 2014. Mwezi wa Septemba 2019 Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo kwa watoto, ilianzia kaunti nane za magharibi, na Bungoma ilikuwemo. Yaani mtoto wa Kigiriama alitolewa damu, na mtoto wa Kibukusu akachanjwa kwa elimu iliyotokana na damu hiyo. Huo ni udugu ambao hakuna aliyeuimba, na mimi nausema hapa ili tujue kuwa damu zetu zimekwisha changanyika katika vitabu vya sayansi.

Lakini kumbuka pia jinsi tulivyokuwa tukiambiana habari za mumiani. Ni nani katika rika langu asiyetishwa utotoni kwamba akichelewa nje magharibi atachukuliwa na mumiani anyonywe damu? Watafiti walipoanza kuchukua damu Kilifi, minong'ono ya namna hiyo ilizuka. Wasomi wengine walicheka, wakasema ni ujinga. Mimi sicheki. Mumiani ni jina ambalo wanyonge walimpa mtu anayechukua asirudishe. Anachukua damu na jibu haliletwi. Anachukua habari na jina la mwenye habari linafutwa. Dawa ya mumiani ni kurudi nyumba ile ile na kumwambia mama yule, "Damu ya mwanao tuliiona hivi, na faida yake ni hii." Kituo cha Kilifi kililijua hilo, kikaweka wawakilishi wa jamii wa kusemezana na wenyeji, na pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani kikafungua mafunzo ya njia za utafiti. Huo ndio mwendo.

Wachache wetu ni nani?

Tumewaona wachache wa Marekani. Je, wa kwetu? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 56, inaiamrisha serikali iweke mipango ya kuzipa jamii za wachache na zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu, uchumi na ajira. Maneno ni mazuri. Tutazame hali.

Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2016, baada ya kuishi hapa miaka mingi bila kitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi tunaosali nao safu moja, walingoja mpaka 2023. Mtu asiye na kitambulisho haingii chuo kikuu, sembuse maabara. Huko Mlima Elgon, Waogiek wa Chepkitale walitetea ardhi yao kwa miaka mingi, hadi mahakama ya Bungoma ikawapa haki mwaka 2022. Mtoto wa Kimakonde na mtoto wa Kiogiek hawajapata kuonana, lakini wamekalia kigogo kimoja nje ya mlango. Mimi bado sijakutana na mtafiti aliyekuja Kitale au Kilifi akaniambia, "Nimeletwa na mpango wa serikali yangu ya Kenya, kwa kuwa watu wangu ni wachache."

Hata wale waliofanikiwa kuingia, njia yao ni ya miiba. Mwaka 2024 madaktari wetu waligoma siku 56, na sababu kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Ikiwa daktari aliyekwisha hitimu anabishaniwa hivyo, mtoto wa mvuvi anayetaka tu kujifunza kushika darubini atasikizwa na nani?

Mlango ulipofungwa

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa. Wafanyakazi wengi wa afya wa Kenya wakarudishwa nyumbani. Zile Taasisi za Taifa za Afya nazo zikafuta ruzuku nyingi, zikiwamo za kuwafunza wanafunzi wa jamii za wachache, na mwezi wa Mei zikasimamisha utoaji wa ruzuku mpya zinazopitia vyuo vya Marekani kuwafikia washirika wa nje, hadi uwekwe utaratibu mwingine. Mwezi wa Juni jaji mmoja wa Boston alisema ufutaji ule haukuwa halali. Agosti, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu uendelee wakati kesi ikiendelea.

Basi binti wa Alabama na kijana wa Bungoma wamepigwa kwa fimbo moja. Yeye kule anaambiwa upendeleo umekwisha, huyu huku anaambiwa fedha zimekwisha. Na wengine wetu tumekaa barazani tukisema, afadhali, wageni waondoke. Afadhali gani? Malaria haikuondoka na wageni.

Rai yangu ni tatu, na hakuna iliyo nzito. Kwanza, sheria ya sayansi ya 2013 inamtaka kila mtafiti apate leseni ya NACOSTI kabla ya kuanza kazi. Na liongezwe sharti: kila mwanafunzi mgeni awe na mwenziwe mwenyeji, mwanagenzi kwa mwanagenzi, anayefunzwa yale yale na jina lake kuandikwa ripotini. Pili, kaunti zetu, ambazo kila mwaka hugawa misaada ya karo, zitenge sehemu kwa watoto wa jamii ndogo wanaotaka utafiti wa afya. Pwani University iko Kilifi, Kibabii iko Bungoma, hapana haja ya kuvuka bahari. Tatu, sisi wenyewe. Tunachangia misikiti na madrasa kwa moyo mkunjufu, na Mungu atulipe. Je, ni vibaya wakfu mmoja katika kumi ukamsomesha mtoto wa Kipemba sayansi ya maradhi yanayomwua mamake?

Siku ya kuondoka Kitale nilikutana tena na vijana wale wawili kituo cha matatu. Walikuwa wanakwenda Kiminini. Binti alikuwa amebeba mkoba wa vifaa, na kijana ameshika karatasi za maswali. Nikamwambia binti, "Mwanangu, leo mpe yeye kalamu, wewe uonyeshe njia." Wakacheka wote wawili. Lakini matatu ilipong'oka nilimwona binti akiitoa kalamu mfukoni na kumkabidhi mwenziwe. Sijui iliishia wapi. Nami njiani, basi likiteremka Mau, nikatunga ubeti huu, ambao nawaachia:

Mgeni njoo nyumbani, mwenyeji apate pona,
Damu yatoka mwilini, na jibu twataka sana,
Ukiandika chuoni, jina letu tutaona,
Mwanetu mtie ndani, kalamu mkipeana.